Kilomita 21, kilomita 5 au kando ya barabara? Kwa aliyeumia kabla ya Kilimanjaro Marathon

Kila ikikaribia Februari, katika klabu yetu ya mchakamchaka hapa Arusha huzuka swali lile lile. Mtu amejisajili mapema, amelipa, ameshapanga na wenzake safari ya Moshi, kisha wiki tano au sita kabla ya siku yenyewe mguu unamgomea. Baada ya mazoezi anakuvuta pembeni, anapandisha suruali, anaonyesha kwa kidole. "Ni hapa. Nikiamka asubuhi nachechemea, nikishapasha moto panatulia. Sasa nikimbie au niache?"

Nimekuwa mtu huyo mara mbili, kwa kano ile ile ya kisigino cha kulia, na kila mara nilichagua tofauti. Basi ujue mapema kwamba nina upande. Naamini kwamba mtu ambaye bado anachechemea asubuhi zikiwa zimebaki wiki tatu, mara nyingi atafaidika zaidi na kilomita 5, au na kusimama kando ya barabara, kuliko na kilomita 21. Lakini si kila mtu. Wapo ambao 21 wanaiweza kwa mpango fulani, na wapo ambao hata hiyo 5 ni hatari. Kinachowatenganisha ni mambo mawili: ni nini hasa kimeumia, na barabara ya Mweka, ile inayopandwa na kushukwa na mbio za 21, inakifanya nini.

Ya kilomita 42 siijadili. Mwenye jeraha ambalo halijafunga asiikaribie.

Hesabu ya hatua

Mkimbiaji wa kawaida hupiga hatua kama 165 kwa dakika. Akimaliza kilomita 21 kwa saa 2 na dakika 20, amepiga hatua 23,000 hivi, yaani kila mguu umetua chini mara 11,500. Kwenye kilomita 5, akitumia dakika 35, kila mguu unatua mara 2,900 tu. Kila unapotua mbioni, mguu hubeba uzito wa mwili mara 2 hadi 3. Kano ya kisigino ndiyo inayoonewa zaidi, kwa sababu wakati wa kusukuma huvutwa kwa nguvu inayozidi mara 5 ya uzito wako. Ukitembea, mzigo huo unashuka sana.

Kwa hesabu hiyo 5 ina nafuu kwa kila hali. Ila hesabu hii inachukulia kwamba barabara ni sawasawa kama meza, na ya Moshi haiko hivyo.

Barabara inapanda kwanza, ndipo inashuka

Nusu marathoni ya Kilimanjaro huanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika. Ukiuacha mji unaelekea Mweka, na kuanzia hapo ni kupanda: si mlima wa kukutoa roho kwa ghafla, bali mwinuko unaokwenda na kwenda, migomba na kahawa huku na huku, watoto wamejipanga kupiga makofi, na Kibo mbele yako asubuhi ikiwa haina mawingu. Ukishageuka unarudi ukiteremka karibu njia nzima. Ni siku za joto pia, kwani masika bado hayajafika, na wanaochelewa barabarani jua huwakuta.

Kwa mtu mzima wa afya, mpangilio huu ni zawadi: unaumia kwanza, unastarehe baadaye. Kwa mgonjwa ni mtego wa aina mbili, na kila jeraha lina wake.

Mwenye kano ya kisigino au kigimbi atateswa na kupanda. Mlimani kisigino hukaa chini kuliko vidole, kano inanyooshwa na papo hapo inatakiwa kusukuma mwili kwenda juu. Maumivu yanaanza mapema, na hiyo kwa namna fulani ni bahati, kwa kuwa bado yuko karibu na mji na anaweza kurudi.

Mwenye goti hali yake ni mbaya zaidi, ingawa mwenyewe hataamini. Kupanda hakumsumbui. Anafika juu akijisikia mzima, anawaza kwamba wiki zote zile alikuwa na hofu bure, anageuka. Mteremko ndio unaompa jibu. Mguu sasa unafanya kazi ya breki, misuli ya mbele ya paja inaikandamiza pia ya goti, kile kifupa cha mbele, kwenye mfupa kila hatua, na ule ukanda mgumu unaopita ubavuni mwa paja hadi nje ya goti unaanza kuwaka. Hapo yuko mbali kabisa na mahali pa kumalizia, na njia ya kurudi ni mteremko ule ule. Nimewaona wakishuka kinyumenyume wakishikilia uzio wa watu.

Nimeweka kwenye jedwali jinsi ninavyolinganisha ninapoulizwa. Halichukui nafasi ya daktari. Linakusaidia kwenda kwake na swali zuri.

| Kinachouma | Kupanda kuelekea Mweka | Kushuka | Ningechagua |
|---|---|---|---|
| Kano ya kisigino, kigimbi | Kunavuta sana | Nafuu | 5, au 21 ukitembea mlima wote |
| Mbele ya goti, kuzunguka pia ya goti | Nafuu | Kunaumiza | 5, au 21 ukitembea mteremko |
| Nje ya goti | Nafuu | Kunachoma baada ya kilomita chache | 5 |
| Msuli wa nyuma ya paja | Unavuta ukiongeza kasi | Wastani | 21 polepole, ikiwa umekimbia bila maumivu angalau wiki mbili |
| Kifundo kilichoteguka | Si mbaya | Hofu ya kuteguka tena | 21 ukishinda majaribio yaliyo mwishoni mwa makala haya. Usiingie 5 katikati ya umati |
| Mfupa wa ugoko, wa unyayo, au kinena | Usijaribu | Usijaribu | Kando ya barabara |

Mstari wa mwisho wa jedwali ndio ninaotaka usomwe mara mbili. Msuli ukichanika kidogo hupona kwa wiki mbili tatu. Mfupa uliopata ufa kwa sababu ya kukimbia kupita kiasi huhitaji wiki sita hadi nane bila mbio hata kidogo, na mara nyingine zaidi. Dalili yake si ngumu kuitambua: maumivu unaweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja juu ya mfupa, hayatulii ukipasha moto bali yanazidi kadiri unavyokimbia, na usiku yanakuamsha. Wengi hupigwa eksirei wiki ya kwanza, picha inatoka safi, wanafurahi na kurudi barabarani. Ufa mpya mara nyingi hauonekani kwenye eksirei mpaka zipite wiki mbili au tatu. Kama dalili hizo unazo na picha haina kitu, rudi kwa daktari umwambie hivyo. Na kama maumivu yako kwenye kinena, yakiingia ndani unapokanyaga, acha hata kutembea umbali mrefu mpaka upimwe. Shingo ya mfupa wa paja ikiwa na ufa ukaendelea kukimbia, inaweza kuvunjika kabisa, na hapo tunazungumzia chumba cha upasuaji.

Mara ya kwanza na mara ya pili

Mara ya kwanza nilikimbia 21. Kano ilikuwa imeanza kuuma mwezi mmoja kabla, baada ya wiki mbili za kukimbiza milima ambayo mwili wangu haukuizoea. Asubuhi ya mbio nilimeza vidonge viwili vya diklofenaki, nikafunga bendeji, nikajiunga na wenzangu. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 26. Nikapata medali, picha, na furaha ya kweli iliyodumu mpaka tulipofika Boma Ng'ombe kwenye basi, ambapo niliposimama kumpisha mtu nikashindwa kukanyaga. Miezi mitano sikukimbia. Miezi miwili ya mwanzo nilishuka ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja kama mtoto anayejifunza.

Mara ya pili, miaka kadhaa baadaye, ikarudi wiki saba kabla. Safari hii nilikwenda mapema kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Alinipa zoezi la kusimama ukingoni mwa ngazi na kushusha kisigino polepole, kwanza goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa. Ni mpango ulioenezwa mwaka 1998 na daktari Msweden Håkan Alfredson: mara 15, seti 3, kwa namna zote mbili, asubuhi na jioni. Ukihesabu ni mara 180 kwa siku, kwa wiki 12. Unachosha kuliko mbio zenyewe. Wiki saba si 12, na mtaalamu alinieleza hivyo bila kunibembeleza: siku ya mbio kano itakuwa katikati ya safari. Nikabadili, nikakimbia 5. Nilianza nyuma kabisa, nikatumia dakika 38, nikafika nikapata chai kabla wenzangu wa 21 hawajaanza kuingia. Wiki mbili baadaye nilikuwa nakimbia kilomita 8 kwenye tambarare. Mwezi Juni nilikimbia 21 zangu mwenyewe, bila namba kifuani.

Ndiyo maana nina upande. Medali ya mara ya kwanza ninayo na sijutii kuwa nayo. Najutia miezi mitano.

21 kwa kukimbia na kutembea: chaguo ambalo wengi hawalifikirii vizuri

Watu husema "nitakimbia na kutembea" kana kwamba kutembea ni kitu cha kuombea samahani ukichoka. Kwa aliyeumia, kutembea lazima kupangwe kabla, na kwa njia ya Moshi kupangwe kwa kufuata jeraha. Ule utaratibu wa kukimbia dakika nne na kutembea moja unafaa barabara tambarare. Hapa gawanya njia mara mbili.

Kano ya kisigino: tembea kupanda kote, tangu mwanzo, hata kama kipande cha kwanza unaona ni tambarare na wenzako wanakuita. Shuka ukikimbia taratibu kwa hatua fupi. Kilomita 10 za kupanda kwa miguu zitakuchukua kama saa 1 na dakika 50, na kushuka kama saa 1 na robo. Jumla ni saa 3 na kidogo.

Goti: fanya kinyume. Kimbia kupanda, tembea kushuka. Hiki ndicho kigumu kuliko vyote moyoni, kwa sababu utakuwa umewapita watu mlimani na sasa wote wanakupita, na mwili mzima unakuambia acha miguu iende. Usipoweza kujiahidi hilo, chagua 5.

Ubaya wa chaguo hili ni muda juani. Saa tatu za Februari ni tofauti na saa mbili, basi kofia, maji katika kila meza, na kitu chenye chumvi mfukoni. Lingine ni kwamba unahitaji kuwa umeshatembea kwa kasi si chini ya saa moja na nusu mfululizo ndani ya wiki mbili zilizopita bila mguu kulalamika kesho yake. Kama hujafanya, hiyo siyo njia ya salama, ni 21 ile ile kwa jina jingine.

Kilomita 5

Kwenye klabu nyingi 5 inaitwa ya watoto na wazee. Ni kauli inayowaumiza watu, na naichukia. Kilomita 5 kwa mguu unaopona ni kipimo kamili: ndefu kiasi cha kukuonyesha kama kano au goti limekubali, fupi kiasi kwamba likikataa unarudi kwa miguu bila kubebwa.

Tatizo lake ni umati. Mbio hizi hujaa kuliko zote: familia, wanafunzi, wafanyakazi wenye fulana za rangi moja, watu wanaosimama ghafla kupiga picha. Aliyeteguka kifundo anaweza kukanyagwa au kukwepa mtu akatua vibaya. Subiri wimbi la kwanza liondoke kabisa, kisha uanze. Ukichelewa dakika tano hupungukiwi chochote.

Jambo jingine: kubadili umbali au kuahirisha hutegemea kanuni za waandaaji wa mwaka huo. Waulize mapema, si siku ya kuchukua namba. Na tafadhali usimpe mtu mwingine namba yako ili "isipotee". Akianguka njiani, wahudumu watatafuta taarifa zako wakimtibu yeye.

Wanaokutajia Akhwari

Ukisema hukimbii, atatokea mtu wa kukutajia John Stephen Akhwari, na atakuwa na haki ya kumtaja. Mwaka 1968 mjini Mexico City, huyu kijana wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni ya Olimpiki, goti likatenguka na kujeruhiwa, bega likagonga lami. Walianza 75. Akhwari aliingia uwanjani na bendeji mguuni, wa 57 na wa mwisho, baada ya saa 3 na dakika 25, zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde. Nilifundishwa habari zake shuleni na hadi leo nikiona ile picha koo linakaba.

Lakini tuitazame hali yake kwa usawa. Aliumia akiwa tayari njiani, amebeba jina la nchi, kwenye mashindano ambayo huja mara moja kila miaka minne. Hakuwa na wiki sita za kuamua, wala hakuwa na kilomita 5 ya kuhamia. Sisi tunaumia Januari, tunaamua nyumbani, na mbio za Moshi zitakuwepo mwakani. Halafu sehemu ya habari yake isiyosimuliwa sana ni ile ya baadaye: goti lilipona, na mwaka 1970 alimaliza wa tano kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh. Mimi nikimtaja Akhwari kwa mtu anayeuguza jeraha, namtajia hiyo ya Edinburgh.

Na ukitaka mfano wa upande wa pili, mtazame Eliud Kipchoge. Olimpiki ya Paris, Agosti 2024, mgongo ulimkataa akasimama baada ya kilomita 30, bingwa mara mbili wa mashindano hayo hayo, mbele ya dunia nzima. Mwaka uliofuata alikimbia London, Sydney na New York.

Kusimama kando, na mbio nyingine za mwaka

Kuacha kabisa kunaonekana ni kupoteza kila kitu: ada, mazoezi, safari. Ada ndiyo, pengine imekwenda. Mazoezi hayaondoki upesi hivyo. Pumzi hupungua asilimia chache katika wiki mbili tatu za kwanza, na sehemu kubwa unaweza kuilinda kwa baiskeli au kwa kukimbia ndani ya maji marefu bila mguu kugusa chini. Baiskeli kwetu ni rahisi kuliko bwawa. Kiti kiwe juu vya kutosha ili goti lisikunjwe mno, na mwenye kano akanyage pedali kwa katikati ya unyayo badala ya vidole. Ndugu zangu wa Dar, msikimbilie mchanga wa Coco Beach kwa kudhani ni laini. Mchanga mkavu huzamisha kisigino na kuvuta kano kuliko lami.

Ukiacha Moshi, chagua mbio zinazofuata kwa kalenda ya jeraha, si kwa hasira. Chukua kano kama mfano. Ukianza tiba mwishoni mwa Februari, wiki 12 zinakufikisha mwishoni mwa Mei. Ongeza miezi mitatu ya kujenga umbali kidogo kidogo, umefika Septemba. Hapo mbio za Oktoba, kama Rock City kule Mwanza au zile za Nairobi, zinakaa vizuri kabisa. Lewa, Kenya, ambayo huwa Juni, itakujaribu mapema. Wengi huipenda kwa sababu unakimbia ndani ya hifadhi ya wanyama, lakini ni njia ya vumbi, ya vilima, na iko juu sana. Kwa kano changa ni Mweka nyingine, tena isiyo na lami.

Dawa ambazo lazima nizitaje

Diklofenaki na ndugu zake asubuhi ya mbio: hapana. Zinazima kengele huku moto unaendelea, kama ilivyonikuta. Zaidi ya hapo, dawa hizi pamoja na joto na upungufu wa maji huziweka figo katika hatari, na hilo halijali kama unakimbia 21 au 5.

Sindano ya steroidi kwenye kano ya kisigino ili "uweze kukimbia Jumapili": hapana kabisa. Kano inaweza kukatika.

Na hii wengi hawaijui. Siprofloksasini, ile antibiotiki tunayoiita sipro na ambayo wengine huinunua dukani kwa ajili ya tumbo au mkojo, imehusishwa na kuvimba na hata kukatika kwa kano ya kisigino, na dawa za jamii yake zote zina onyo hilo. Kama umeitumia majuma ya karibuni na kisigino kinauma, mwone daktari mara moja umwambie jina la dawa. Kama bado unaimeza, iache na umwombe akupe dawa nyingine, na usikimbie mpaka mmezungumza.

Majaribio ya wiki ya mwisho

Siku kumi kabla, tembea kwa kasi dakika 30. Kesho yake simama kwa mguu ulioumia peke yake, umeshika ukuta kidogo tu, unyanyuke kwa vidole mara 20. Kisha ruka kwa mguu huo huo mara 10. Linganisha na mguu mzima. Siku inayofuata kimbia dakika 30 kwenye tambarare, polepole kiasi cha kuweza kuzungumza.

Jipimie maumivu kutoka 0 hadi 10. Kwa kano, wataalamu huruhusu mpaka 5 wakati wa zoezi, ikiwa kesho asubuhi yamerudi yalipokuwa. Mimi husema 3, kwa sababu wakimbiaji hujipunjia namba. Kwa mfupa ni 0, bila mjadala. Ukichechemea asubuhi kuliko jana yake, 21 imeondoka mezani, na siku tatu za kupumzika haziwezi kuirudisha.

Ukishinda yote, kimbia 21 yako, kwa dakika moja zaidi kila kilomita kuliko ulivyopanga Desemba, na uwe na hela ya bodaboda mfukoni. Ukishinda ya kutembea ukashindwa ya kuruka, nenda 5. Ukishindwa ya kutembea, njoo Moshi hivyo hivyo. Panda Mweka mapema kabla barabara haijafungwa, tafuta mahali pale wanapogeukia, chukua maji, ndizi na kitambaa kilicholoweshwa. Mara ile ya kwanza, mama mmoja aliyekuwa amesimama karibu na pale aliona ninavyokanyaga, akanitazama mguu kabla ya kunitazama uso. "Pole mwanangu," akasema, "shuka kwa kutembea, hapa si mbali na kwetu, kaa kwanza." Nilimshukuru nikapita mbio.